Asali ya Mchana wa Ramadhani

Niseme ukweli toka mwanzo: nilimwonea wivu. Na sio wivu wa kutamani baiskeli ya mtu, ukapita. Huu ulilala nami kitanda kimoja. Nikigeuka, nao unageuka.

Niliyemwonea ni mtani wangu. Babu yake alikuwa Mzigua, alikuja na msafara kutoka pwani, kabeba mzigo mpaka Kwihara, akaiona miguu yake ilivyovimba, akasema mimi sirudi. Babu yangu, Mnyamwezi, alibeba njia ile ile, kwenda na kurudi, mpaka bega likaota nundu. Utani wetu ulizaliwa huko njiani, na sisi wajukuu tuliukuta tayari. Naingia kwake nachukua jogoo, haruhusiwi kununa. Yeye anakuja kwetu anamwambia mama yangu, "Shikamoo mama. Hivi huyu mwanao mlimwokota wapi? Mbona sura kama kiazi kilichopigwa jembe?" Na mama, mama yangu mzazi, anaitikia marahaba huku anacheka mpaka anafuta machozi kwa khanga.

Tulisoma darasa moja mpaka la nne. Hesabu nilimshinda. Kusoma nilimshinda. Kuiga sauti ya mwalimu nilimshinda kabisa, na ndiko masomo yangu yalikoishia.

Aliponishinda yeye ni kwenye dini. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, na sisemi dini yake ilikuwa bora kuliko yangu. Nasema yake ilikuwa inaonekana. Saa ikifika anatawadha, anatandika mkeka wake kando ya ukuta wa baraza ya Mtemi, anaswali, na watu wote waliokuja na kesi zao wanamwona. Yangu ilikuwa ndani. Ndani sana. Padri mwenyewe alikuwa bado anaitafuta.

"Mtazame mwenzio," mama alikuwa ananiambia, rozari mkononi. "Hajabatizwa, lakini ana hofu ya Mungu kuliko wewe uliyebatizwa mara mbili."

Mara mbili ni kweli. Nilizaliwa mgonjwa, katekista akawahi kunimwagia maji nisife bila jina. Padri alipofika akarudia, eti hakuwa na hakika na maji ya kwanza. Mtani wangu aliposikia habari hiyo akasema hata ya pili hayakushika.

Sasa, pale baraza kulikuwa na tarishi mzee. Kazi yake kuita mashahidi na kuwaapisha. Alikuwa anasimama katikati na vitabu viwili, Biblia mkono wa kulia, Msahafu mkono wa kushoto, kila kimoja kimefungwa kitambaa chake. Shahidi akija, mzee anamtazama usoni, anampa cha kwake. Asiye na kitabu anaapa kwa mababu zake. Kesi zenyewe unazijua: ng'ombe kaingia shambani, mahari haijaisha, mtu kahamisha mpaka. Lakini watu walikuwa wanaogopa kusema uongo mbele ya yule mzee kuliko mbele ya Bwana Shauri Mzungu. Alikuwa anakutazama mpaka uongo unarudi tumboni.

Niliitaka kazi ile. Si kwa ajili ya tarbushi nyekundu na mkanda wenye bamba la shaba peke yake, ingawa tarbushi ingenipendeza. Mimi toka utotoni nikisimama tu, watu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nilitaka siku moja nisimame, nifungue mdomo, wanyamaze.

Mzee akafa katikati ya Ramadhani, kiangazi kimekaza, ardhi ngumu kama tofali. Kila mtu alijua kazi itakwenda kwa mmoja wa vijana wawili, mimi au mtani wangu, maana wengine waliosoma walikuwa wameshapanda treni kwenda kutafuta maisha.

Marehemu alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo watani ndio waliochimba kaburi. Mtani wangu alichimba na saumu yake, midomo imepasuka, hakunywa tone. Jeneza lilipofika na padri mbele, watu wakakuta kaburini mna mtu. Amelala chali, mikono kifuani, macho kayafumba.

"Toka, mtani, tuzike," wazee wakamwambia.

"Sitoki."

"Padri anangoja!"

"Angoje. Huyu mzee miaka yote ananipigia kelele pale baraza, 'Nyamaza wewe! Nyamaza!' Leo aje aninyamazishe mwenyewe. Akishindwa, hapa ni kwangu, mtafutieni kwingine."

Mjane alikuwa analia toka jana yake. Akaanza kucheka ndani ya kilio, hata huwezi kujua kipi ni kipi. Akatoa kuku, ndiyo ada, mtani wangu akatoka. Akajikung'uta udongo, akasogea pembeni, akasimama kimya ameinamisha kichwa mpaka padri alipomaliza Kilatini chake chote. Padri akamfuata, akampa mkono.

Mimi nilikuwa naangalia. Kamchekesha mjane siku ya mazishi. Kapewa mkono na padri wangu, padri ambaye mimi akiniona anatazama kama nimevaa viatu. Nikaiona kabisa ile tarbushi nyekundu inamwotea kichwani.

Nikapanda juu ya lundo la udongo.

"Jamani! Msimwone huyu kakauka midomo mkadhani ni saumu! Juzi nimemkuta porini, njia ya Goweko, mkono umezama mpaka kwapani ndani ya mzinga wa watu, analamba asali mchana kweupe! Nyuki wenyewe wanamwuliza, 'Sheikh, na Ramadhani je?'"

Watu wakaangua kicheko. Kumwambia mtu kavunja saumu ni neno zito, na kumwambia kaiba kwenye mzinga wa mwenzake kwetu ni zito zaidi, maana mizinga inatundikwa porini bila mlinzi na kinachoilinda ni aibu tu. Ndiyo maana ulikuwa utani mzuri. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

"Mwongo huyu!" akajibu. "Mbona hawaambii nani alinishikia kamba?"

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa karani mpya wa baraza, ana mwezi mmoja tu tangu atoke Bukoba, suruali ndefu, kalamu mfukoni. Watu wa kwao na sisi hatuna utani. Misafara ya babu zetu haikupita kwao.

Siku ya pili yake akaniita ofisini.

"Wewe ndiye uliyemwona?"

"Nani, bwana karani?"

"Mla asali."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema: bwana karani, ule ni utani. Mtoto wa miaka sita angelisema. Lilinifika ulimini, nikalionja, nikalimeza. Nikacheka kidogo. Nikajikuna shingo.

"Aa, bwana karani," nikasema, "porini mtu anaona mengi."

Akaandika. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza.

"Naye alikiri mbele ya watu kwamba kulikuwa na mtu wa kumshikia kamba," akasema. "Serikali haiwezi kumpa Msahafu mtu anayemdanganya Mungu wake na kumwibia jirani. Akishika yeye kitabu, nani ataogopa kuapa uongo? Wewe una cheti cha ubatizo?"

"Ninavyo viwili."

Nilitoka pale nimepewa kazi, nimebakiza kuapishwa mbele ya Mtemi, ambaye alikuwa amekwenda Bukene kuhani msiba wa ndugu zake.

Utani ukiwa mdomoni kila mtu anaujua ni utani. Huu sasa ulikuwa umeandikwa kwa wino. Wale wale waliocheka kaburini walianza kuulizana: karani mtu msomi, ataandika bure? Kila mwenye mizinga akaenda kukagua mizinga yake. Mwalimu wa msikiti akamwita mtani wangu pembeni baada ya sala. Sijui waliongea nini, ila kuanzia siku ile hakutandika tena mkeka wake pale baraza. Akawa anaswali kwake, mlango umefungwa.

Ungedhani nitafurahi. Nilikuwa napita pale ukutani, napaona mahali pa mkeka wake patupu, ardhi imelainika kwa magoti, na watu wakipita wanapatazama. Nikaona wivu tena! Mimi nikikosekana mahali, nani ataangalia ardhi?

Mama hakujua kitu. Siku moja akapika muhogo na karanga, akanipa bakuli.

"Mpelekee mwenzio futari. Kanyamaza siku hizi, maskini. Kama kaongeza na saumu ya kuongea."

Nikampelekea. Nilimkuta kakaa kizingitini anangoja jua lizame. Akapokea kwa mikono miwili.

"Mshukuru mama," akasema. "Nasikia kazi umepata wewe."

"Ndiyo."

"Hebu simama."

"Nisimame vipi?"

"Kama umeshika vitabu. Ona! Unapinda mgongo kama unaiba karanga. Mzee alikuwa anasimama wima, viwiko vimebana mbavuni. Na Msahafu usiushike chini ya kiuno, utawaudhi watu. Tawadha kwanza. Kama hujui kutawadha njoo nikuonyeshe."

Aliniambia yote hayo bila kunitazama. Hakuniuliza kitu. Angenitukana ningejua pa kushika. Nilirudi nyumbani viwiko vimebana mbavuni, na nilikuwa namchukia kuliko siku zote.

Mtemi akarudi. Baraza ikajaa, wazee wameketi, mtani wangu kasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Tarbushi ilikuwa mezani, imepigwa brashi. Karani akasoma jina langu, akafungua kitambaa, akaiweka Biblia mbele yangu.

"Utaapa kwamba utasema kweli," akasema. "Kisha utaeleza habari ya asali ya porini, niandike chini ya kiapo kwa nini yule wa kwanza amekataliwa. Bwana Shauri atataka kujua."

Hilo la kueleza hakuwa ameniambia.

Nikaweka mkono. Jalada lilikuwa baridi, na kwenye ngozi yake kulikuwa na kibonyo pale kilipokaa kidole gumba cha yule mzee miaka yote. Baraza nzima ikanyamaza. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyecheka. Kimya nilichokitamani maisha yangu yote, hicho hapo, changu. Nikafungua mdomo, nikamwona mtani wangu kule mlangoni, viwiko vyake vimebana mbavuni, kama ananikumbusha.

"Mtemi," nikasema, "mimi sikumwona na asali. Ulikuwa utani. Wa kaburini."

Mtemi akamgeukia karani.

"Utani wa kaburini umeuandika wa nini?"

"Nilimwuliza, Mtemi," karani akasema. "Hakukana."

"Kwa nini hukukana?"

Mkono wangu bado ulikuwa juu ya kitabu. Ningeutoa kidogo tu ningepata la kusema, mimi nina maneno. Lakini haukutoka.

"Wivu, Mtemi."

Mzee mmoja mbele akaanza kutikisika mabega. Halafu wa pili. Halafu baraza nzima, mpaka waliokuwa nje wakachungulia kuuliza kuna nini. Siku nasema kweli yangu ya kwanza kamili, na mkono juu ya Biblia, ndiyo siku waliyocheka kuliko zote.

Karani hakucheka. Alichukua rula akakata mstari kwenye daftari lake, polepole, masikio yamemwiva.

"Kwetu," akasema, "mtu hasemi uongo kaburini."

"Na kwetu," Mtemi akamjibu, "mtu hafanyi utani akiulizwa na serikali. Wewe hukukosa. Kakosa huyu." Akamwita mtani wangu, akamvika tarbushi palepale. Ilimkaa kama kichwa chake kilikuwa kinaingoja. "Utamdai faini gani mtani wako? Sema. Jogoo? Mbuzi?"

Alifikiri kidogo. Ile tarbushi, alivyoinamisha kichwa, hata kishada chake kilijua pa kuangukia.

"Asali, Mtemi. Aniletee kila magharibi mpaka mwezi uandame. Na asiichukue ya watu. Arine mzinga wa baba yake mwenyewe, nyuki wapate nafasi ya kumwuliza maswali."

Basi ndiyo ikawa kazi yangu, si ya baraza. Siku ile ile nikaenda kurina, nikaumwa jicho la kushoto na sikio, jioni nikafika kwake na bakuli. Uwanja ulikuwa umejaa. Mwalimu wa msikiti yupo. Wenye mizinga wapo. Karani yupo, kaalikwa, kakunja ile suruali yake ndefu mkekani kwa shida. Na mama yangu yupo, kaja na muhogo, na kila akinitazama anatikisa kichwa.

Mtani wangu akapokea bakuli, akaliweka mbele yake, akangoja. Hakugusa. Mpaka adhana ilipolia ikaisha, akasema bismillahi, akakunja mkono wa kanzu mpaka kwapani, akazamisha vidole kwenye asali yangu, akalamba kimoja kimoja, ananitazama.

"Haya, mtani," akasema. "Sasa umeniona."

Mwalimu wa msikiti alicheka mpaka kofia ikadondoka. Karani akacheka, ndiyo siku tulipojua kuwa ana pengo. Mama akawa anafuta machozi kwa khanga. Nikacheka na mimi, ningefanyaje? Mzaha ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyeuzaa, juu ya lundo la udongo, na yeye ndiye aliyeumalizia vizuri.

Nikarudi nyumbani na bakuli tupu, jicho limefumba, na wivu wangu wote, haujapungua hata robo kilo. Kesho yake niliamka mapema kuliko baba, nikaipita mizinga yake miwili ya karibu, nikaenda ule wa mbali wenye asali nyeupe. Sikutaka huyo mtu aje aseme mbele za watu kwamba asali yetu ni nyepesi.