Hotpoti ya Fukusi

Kisasi changu kilikuwa na miguu sita na pua ndefu.

Msicheke. Ngojeni niwaeleze.

Nafanya kazi kwenye kituo cha kufuga fukusi wanaokula magugu maji. Siku ya kwanza tu bosi alituonya: "Mdudu huyu hali kingine. Mchicha hagusi, mahindi hagusi. Ila gugu likifa, liopoe. Likizama likaoza, maji yanakosa hewa na samaki wanakufa."

Niliitikia. Halafu nikasahau.

Marehemu mume wangu alituachia mabwawa mawili ya samaki. Machozi hayajakauka, mdogo wake akajitwalia la juu. "Shemeji, wewe na mabwawa mawili wapi na wapi?"

Akaliacha lijae magugu, akawa anakata mabua na kusuka viti. Viti vikampa jina mji mzima. Mimi nikabaki na la chini na samaki wangu, ndio walionilisha mimi na wanangu.

Roho iliniuma, jamani. Nikaapa atanitambua.

Kila Jumamosi nikawa napita bwawani kwake na hotpoti mkononi.

"Shemeji, leo umeniletea chakula?"

"Kina wenyewe, shemeji."

Akigeuka tu, namwaga fukusi.

Mwaka haukuisha. Majani yakajaa makovu, mabua yakatoboka, viti vikaanza kuvunjikia wateja. Mmoja alianguka pale pale dukani, miguu juu! Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha, ndani ya wiki moja, magugu yote yakazama. Bwawa likanuka.

Shemeji akanijia mnyonge. "Nishauri. Nifungue lango maji yatoke?"

Nikamjibu kwa raha zangu: "Fungua! Yapotelee mbali!"

Maji ya juu hayana mbali. Hushukia kwangu.

Kesho yake asubuhi samaki wangu walikuwa wanaelea, matumbo juu. Nilipiga yowe. Shemeji ndiye aliyekuja mbio, akaingia majini na nguo zake, tukaopoa. Wachache walikuwa bado wanahema.

"Lete chombo, upesi!" akaniambia.

Akaiona hotpoti yangu niliyoisahau ukingoni, akaifungua. Ndani fukusi mmoja alikuwa anajitembelea.

Akamtazama. Akanitazama.

"Kumbe wenyewe ndio hawa."

Nikaichukua hotpoti, nikaijaza maji, nikawatia samaki waliobaki.

Wewe unayesoma huku umefuga kinyongo, nisikilize: fukusi hula gugu moja tu. Hasira yangu haikuchagua.