Mama na Boti Iliyokauka

Wiki iliyopita nilirudi Rumonge kwa kazi moja tu: kumtoa mama yangu ndani ya boti. Usicheke. Wenzangu wanawatoa wazazi wao shambani wakawaweke mjini. Mama yangu mimi alikuwa akiishi kwenye boti iliyopandishwa mchangani, na ziwa linapanda kila msimu wa mvua. Limeshakula nyumba za mbele zote, michikichi iliyokuwa nyuma yake, na choo cha jirani ambacho hakuna aliyekisikitikia. Kati ya maji na boti kilibaki kipande cha mchanga ambapo mbuzi mmoja akilala, mwenzake anakosa nafasi.

Jirani huyo huyo, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ndiye aliyenipigia simu Bujumbura. "Amahoro, dada. Kuya utoe mama yako," alisema. "Tumemusemesha mpaka tumechoka. Maji haina randevu na mutu, inakuya saa inataka."

Wewe ulikulia kwenye nyumba yenye msingi, kwa hiyo acha nikueleze. Boti yetu ilikuwa ya mbao, ndefu, tumbo lake la kubebea mizigo, na nyuma kulikuwa na kibanda cha mabati. Humo ndimo tulimoishi watatu, baba, mama na mimi. Tulipakia mawese Rumonge, tukayashusha Nyanza-Lac au Kabonga kule karibu na mpaka, tukarudi na mihogo na chumvi, na mara nyingine mbuzi waliolia njia nzima. Mama, ambaye kwao ni ng'ambo, Kivu ya Kusini, alipika kwenye mbabula, jiko la makaa aliloifunga kwa waya isiteleze wakati wa mawimbi. Asubuhi ilianza na harufu ya makaa na ya mazutu, dizeli ya injini, kwa pamoja. Hadi leo nikipita karibu na lori linalounguruma, tumbo langu linadhani chai iko tayari.

Kabla ya chai hiyo nilikuwa na kazi. Boti ya mbao huvuja kidogo kila siku, hilo halimtishi mtu, na mimi nilishuka chini na kopo kuchota maji yaliyoingia na kuyarudisha ziwani. Mama alifua nguo akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kushindana na injini. Mchana baba aliizima injini, tukaelea tu tukila samaki wa mukeke wa kuchoma, mafuta yakitutiririka mpaka kwenye viwiko, milima ya Kongo upande mmoja na ya kwetu upande mwingine. Sijawahi tena kuwa na furaha kama ile, nakuambia bila aibu.

Siku za shule walinishusha kwa bibi. Usiku wa kwanza sikupata usingizi kwa sababu kitanda hakikutikisika. Mwalimu naye alilalamika kwamba nalishika dawati kwa mikono miwili kana kwamba litaondoka, na kwamba daftari zangu zinanuka mawese. Yote mawili yalikuwa kweli.

Kuna jambo moja ambalo kila mtu wa boti analijua. Mbao zikikaa nje ya maji zinasinyaa, zinaachana. Ndiyo maana boti ikipandishwa kutengenezwa, inamwagiwa maji ndani asubuhi na jioni ili mbao zibaki zimevimba na kubanana. Baba alikuwa akisema, "Boti iko na kiu," nasi tunachukua ndoo.

Baba alifariki. Halafu mazutu ikawa kitu cha kusimuliwa tu. Mama akaomba vijana wamvutie boti mchangani isipigwe na mawimbi, kwa siku chache, mpaka mazutu ije. Haikuja. Injini tukaiuza na kuila. Kiangazi kizima kikapita juu ya zile mbao.

Nilipofika wiki iliyopita nilimkuta ameinama ndani, ndoo mkononi, anamwaga maji. Hata kunisalimia alichelewa.

"Boti iko na kiu tu," alisema. "Ikishakunywa itabana. Ziwa ikifika hapa, itainuka na miye ndani."

Nilichungulia chini. Maji yalikuwa yakitoka yote, yanazama mchangani. Kwenye maungio ya mbao kiganja changu kilipita bila kukwaruzwa. Fundi wa boti alikuwa ameshamwambia haitaelea tena, akamfukuza. Wanaochemsha mawese walikuja na shoka kutaka kuni, akawafukuza kwa kasia.

Nilimbembeleza, nikakasirika, mwisho nikalia. Nilimwambia nina chumba, wajukuu wanamngoja, bomba liko uani.

"Na kule nitakuwa nani?" aliuliza.

Tukiwa bado tunatazamana, wimbi moja kubwa lilipanda mchanga wote likafika. Maji yaliingia kupitia nyufa, yakatulowesha hadi vifundoni, na boti haikusogea. Hata kutikisika haikutikisika. Mama alisimama ameshika ubavu wa boti kama anayempima mtoto homa. Maji yakatoka yalikoingilia. Wala hakulia; ningependa angelia.

"Umekula?" aliniuliza.

Makaa yalikuwa yameisha. Alichukua panga, akaingia kibandani, akaanza kung'oa mbao za sakafu pale nilipokuwa nalala utotoni. Nilimshika mkono nikimwambia sina njaa, mama, acha.

"Umetoka mbali. Kaa," alisema.

Mbao zile zilikuwa zimekunywa mawese miaka yote. Ziliwaka bila kupulizwa, moto mkubwa wa manjano, na bugali ikaiva upesi kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Aliniwekea na ndagala, akakaa mbele yangu. Yeye hakugusa.

"Kula, mutoto wangu. Ukimaliza, tunaenda."

Nilimeza kila tonge kwa sababu alikuwa anauangalia mkono wangu. Alipofunga kitenge chake vizuri na kushuka, wale wa mawese walikuwa wamesimama pembeni na shoka zao, na mama akawapisha waipasue boti.

Sasa yuko kwangu. Anakaa ukingoni mwa kitanda, mzigo wake haujafunguliwa, na ukimuuliza anataka nini anasema hakuna, murakoze, akishukuru kama mgeni. Watu wananipongeza kwamba nimemwokoa. Nyumbani kwetu yalibaki majivu mchangani, na kufikia leo ziwa litakuwa limeyachukua hayo pia.