Mlio wa Pampu ya Murungu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi pampu iliwaka, na nusu dakika baadaye ikaanza kusaga. Tulikuwa Murungu, ukingoni mwa kijito, kwenye shamba la nyanya la mjane aliyeuza baiskeli na mbuzi wawili ili ainunue. Ililia kama kokoto ndani ya debe. Maji yalitoka kwa kwikwi.

"Fundi, inakula nini?"

"Itazoea, mama."

Nilijua haitazoea. Ufundi nimejifunza mwenyewe, vitabuni, na kwenye daftari langu nilikwisha kuandika: bomba la kuvuta maji lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Mdomo ule ulikuwa wa inchi tatu. Bomba nililofunga lilikuwa la inchi mbili. Katika njia finyu namna hiyo maji hulazimika kukimbia mno, hutoa mapovu kama yanayochemka ingawa ni baridi, na mapovu yakipasuka hutafuna feni iliyo ndani ya pampu. Upande wa kusukuma ungevumilia inchi mbili, ukapoteza nguvu kidogo. Upande wa kuvuta hausamehe.

Jana yake nilimwambia anunue vipande viwili vya inchi tatu. Akanionyesha rundo la inchi mbili alilonunua kwa muuza vitu chakavu, mabomba yaliyotumika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kabla haijafungwa.

"Ukibana mdomo wa mpira kwa kidole, maji si yanaruka mbali? Jembamba ndilo lenye nguvu."

Huku kwetu karibu wote husema hivyo. Ningemweleza kwamba kidole hubana mwisho wa safari ya maji, si mwanzo wake. Lakini alikuwa amekwisha kuuza mbuzi. Nilifunga alichokuwa nacho.

Jirani wa shamba la juu alikuja kusikiliza, akacheka. "Mama, hayo ni mabomba ya wakimbizi. Yanataka kurudi kwao."

Mjane hakucheka. Yeye mwenyewe alivuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake, na dada yake aliishi Mtendeli mpaka basi la kurudi Burundi lilipomchukua. Aliweka kiganja juu ya bomba lililokuwa likitetemeka.

"Maji ya humu watu waliyapangia foleni," alisema. "Ni wao wanaolia. Fundi, ni kweli?"

"Sijui, mama."

Siku ya tisa pampu iliacha kuvuta. Nilipoifungua, feni ilikuwa na matundu kama jani lililoliwa na viwavi. Nyanya zilikuwa kwenye maua, zilikauka zote. Mjane aliyang'oa mabomba, akayazika kando ya kijito, akachomeka msalaba wa fito. Nilimsaidia kuchimba. Hata hapo sikumwambia kuwa ni wembamba wa bomba.

Sasa nafunga pampu toka Kibondo hadi Kasulu. Kila injini inapowaka nasimama, nasikiliza ile nusu dakika. Mwezi uliopita nilimkuta yule mjane sokoni Kasulu akiuza nyanya za mtu mwingine.

"Fundi, wale watu nadhani wametulia," alisema. "Mimi siwasikii tena. Wewe je?"

"Mimi bado nasikia."

Akanifungia nyanya tano, akakataa hela yangu.

Vipande viwili vya inchi tatu, bei ya siku ile, vilikuwa shilingi elfu tisini. Hizo ndizo nilizomwokolea.