Siku Niliyompita Mama Mkwe kwa Baiskeli

Chekeni tu, maana hata nikiwakataza mtacheka, na mimi mwenyewe kwa miaka mingi kila habari hii ilipoanza kusimuliwa nilikuwa nainuka nasingizia kwenda kuangalia kuku. Lakini naona watu wanaiharibu (kuna mmoja pale Tandahimba anasema nilikuwa uchi, si kweli jamani, suruali nilikuwa nayo), basi bora niiseme kwa kinywa changu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi kijana, karani wa baraza pale Newala, kola nyeupe, wino mfukoni. Mwaka huo nikapata kichomi, nikalazwa hospitali ya misheni kule Masasi mpaka nguo zangu zikanikana, niliporudi shingo ilikuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kuugua si kitu, kila mtu huugua, lakini mimi nilikuwa nimeshaposa kwa kina Hilda, kijiji cha Chilangala, na posa yangu imepokelewa. Sasa Baba Hilda, mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, aliponiona nilivyokwisha akamtuma mshenga wangu: "Mwambie simkatai. Ila binti yangu simtoi akauguze. Hiki kipupwe kikiisha nitamtazama kifua, ndipo tutajua kama harusi ipo au haipo."

Nililia, sifichi. Hilda nilikuwa nampenda.

Mganga wa hospitali alikuwa ameniambia nirudishe nguvu taratibu, nitembee kidogo, niendeshe baiskeli kidogo, nisijitie ushujaa. Mimi nikayasikia yale ya baiskeli tu. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, na njia ya kutoka kwake kwenda kazini inakata katikati ya Chilangala, inapita mbele ya nyumba ya Baba Hilda. Nikasema hapa hapa, nitapita kila asubuhi juu ya baiskeli, kifua mbele, kengele inalia, waone wenyewe kama huyu ni mgonjwa.

Ukweli sasa. Kutoka kwa shangazi mpaka nyumba ya kwanza ya Chilangala baiskeli nilikuwa naisukuma, nahema kama mvukuto. Hapo pana kichuguu, basi napanda juu ya kichuguu, kutoka pale juu nakalia tandiko (miguu haikuwa na nguvu ya kurukia baiskeli kama wanaume wenzangu), napita kijijini krin krin krin, na nikishaiacha nyumba ya mwisho nashuka, nakumbatia mkorosho, nakohoa mpaka machozi yanitoke. Na saa ile nilikuwa nimeichagua makusudi, kwa sababu ya baridi wazee wote wako uani wanaota moto, wananiona kwa mbali, njiani hakuna mtu. Maana kwetu mkubwa ukimkuta njiani hupiti umekaa juu kama gavana. Unashuka, unasimama pembeni, unavua kofia, unaamkia. Na akiwa mkwe ndiyo kabisa, unashuka tangu mbali na macho unayatupa chini.

Basi siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, ule wa Newala wa kipupwe, hata mkono wako unautafuta. Shangazi akanifunga blanketi juu ya koti, akanizungushia shali kichwani yakabaki macho, nikapanda pale kwenye kichuguu changu nikaingia kijijini. Ghafla mbele yangu, katikati ya njia, mama mkwe! Mama Hilda mwenyewe, na debe la maji kichwani, anatoka bombani.

Nilikuwa na muda wa kushuka, nasema kweli. Lakini nikawaza, nikishuka nitapandaje tena? Hapa hapana kichuguu. Atasimama ananitazama ninavyohangaika na tandiko kama mtoto, na kabla jua halijachomoza Baba Hilda atakuwa ameambiwa. Nikajipa akili (ile akili ya shetani): ukungu huu, shali hii, atanijuaje? Nikamkwepa, nikapita kimya.

"Nani wewe?" akauliza.

Nikanyamaza, kwa kuwa sauti yangu anaijua.

"Si nakuuliza wewe!"

Nikakanyaga pedeli. Nilichosahau ni kimoja, kwenye usukani nilikuwa nimening'iniza vishada vyekundu alivyonifumia Hilda, na vishada hivyo mama yake aliona vikifumwa.

"Mwiziii!" Debe nikalisikia linatua chini. "Jamani tokeni! Baiskeli ya mkwe wangu inaibiwa! Wamemwibia mgonjwa wa watu!"

Kijiji kikatoka. Wengine wameshika vijinga vya moto, wengine michi, mbwa nao wakaona wasipitwe. Nikajiambia simama useme ni wewe, halafu nikajiuliza, nikisema ni mimi nitaelezaje kwamba nimempita mama mkwe bila salamu? Kila nilipokanyaga pedeli aibu ya kusimama ikazidi kuwa kubwa, na miguu, jamani, miguu ile ile iliyokuwa inataka kichuguu, sijui ilitoa wapi nguvu, nikawaacha nyuma vijana wenye nguvu za jembe, nikaupita mkorosho wangu hata sikuutazama. Kifua hakikukohoa hata kidogo. Nakumbuka katikati ya mbio zile nilifurahi, nikasema kumbe nimepona!

Ndipo nikaingia bombani. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, madebe yamejaa, yamesimama njiani, na ukungu haukunionyesha hata moja mpaka nilipokuwa juu yake. Madebe yakaruka, mimi nikaruka, maji ya Chilangala nzima yakanishukia, baridi ile, nikakaa katikati ya tope na gurudumu shingoni. Na ninyi mnajua maji yalivyo adimu huku juu. Bora ungemwaga asali.

Wakaniwahi. Mmoja akanyanyua mchi, mwingine akanivua shali, wote wakaganda. "Ni Danieli! Karani!"

Mama Hilda akafika anahema, akanitazama mara moja tu, akageuka akanipa mgongo, akaketi chini na kujifunika khanga kichwani, kwa kuwa mkwe hatazamwi hivyo, na mkwe mwenye tope ndiyo zaidi. Halafu akasema na hewa iliyokuwa mbele yake: "Muulizeni huyo mtu. Mimi ni kisiki?"

"Mwambieni mama," nikasema, meno yanagongana, "sikumwona."

"Muulizeni, kama hakuniona alinikwepaje?"

Wanawake wa foleni walianza kucheka, kisha wakayakumbuka maji yao wakaanza kunitukana kwa Kimakonde, na Kimakonde cha matusi kina urefu wake. Hapo ndipo Baba Hilda akatokea, kofia ameshaiangusha njiani, akajishika kiuno mpaka pumzi ikamrudia. Nikajua harusi imekufa. Akanitazama kifua muda mrefu.

"Kifua kimepona," akasema. "Kijiji kizima kimemfukuza, hakikumpata. Sasa iliyougua ni adabu, tena hiyo imezidiwa, ilazwe."

Dawa akaitoa pale pale. Maji ya watu yarudi, na bomba, ambalo hufunguliwa asubuhi tu, lilikuwa limeshafungwa siku hiyo, basi niliyateka chini kabisa bondeni na kuyapandisha kwa baiskeli mpaka jioni. Tena toka kesho yake ilinipasa kukipita kijiji kwa miguu, nasukuma baiskeli, nyumba kwa nyumba, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kazini nilichelewa kila siku. Mama Hilda kila nikimwamkia alikuwa anaiuliza hewa kama imesikia mtu akisema, mpaka asubuhi moja, korosho zimeanza kuanguka, akajibu "Marahaba, mwanangu," na wiki hiyo hiyo Baba Hilda akampelekea padri majina yetu, ndoa itangazwe.

Tangu hapo nimeapa, nikiwa juu ya baiskeli nikaona kitu chochote mbele ndani ya ukungu, kwanza nashuka, ndipo naangalia ni nani. Juzi nimemvulia kofia mbuzi wa jirani, nikampa shikamoo kamili. Hakuitikia, lakini angalau hakunipigia yowe.