Kata ya Mama Nyuma ya Kioo

Miezi mitano baada ya kumzika mama, nilimsikia akicheka.

Haikuwa ndoto. Ilikuwa saa nne asubuhi, Moshi mjini, na nilikuwa sijagusa hata tone la pombe.

Naitwa Hosea. Kwetu ni juu ya Kwa Sadala, kwenye migomba. Naandika haya nisije nikayasahau, maana siku hizi nasahau hata kama nimekula.

Mama aliitwa Aikaeli. Alituzaa wawili tu, mimi na mdogo wangu Elinipendo, anayeshona nguo Majengo.

Siku mbili kabla hajatutoka, mama alisema jambo moja pale kitandani.

"Mkishajengea kaburi langu, mbege ya siku hiyo mnywe kwa kata yangu. Nyie wawili. Msininywee kwa vikombe vya plastiki."

Kata yenyewe ni kibuyu kilichokatwa cha kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi, chenye mkono mrefu, cheusi kwa moshi wa jikoni. Ubavuni ina mshono wa uzi wa bluu. Niliipasua mimi nikiwa darasa la pili, mama akaishona.

Tukazika. Nikaitafuta kata. Jikoni haipo, darini haipo, hata kwa majirani haipo.

Aliyekuwa akimuuguza mama ni Elinipendo. Mimi nikaona jibu ni hilohilo.

"Umewauzia watalii," nikamwambia, mbele ya shangazi zetu.

"Mimi, kaka?"

"Kwani kata ina miguu?"

Hakulia. Alichukua kitenge chake, akashuka zake mjini. Tangu siku hiyo simu zangu hapokei.

Mafundi wakaleta mchanga na saruji, vikakaa uani vikinyeshewa. Ningejengeaje kaburi la mama peke yangu, na mtoto wake wa pili yupo hai?

Watu walidhani nina hasira. Sikuwa nayo. Sikuwa na kitu. Nilikuwa kama mdomo uliotoka kung'olewa jino, unaugusa na hausikii.

Sasa sikia.

Binamu yangu Ebenezeri anatembeza wageni. Siku moja akanitumia picha kwenye simu. "Oya Hosea, hii si kata ya shangazi?"

Nikaikuza. Uzi wa bluu ule pale.

"Umeikuta wapi?"

"Makumbusho, mjini. Ipo kwenye kioo, mzee. Imekuwa staa."

Kesho yake nikashuka. Ni jumba dogo, vyumba viwili. Ndani ya kioo kulikuwa na kata mbili. Ya kwanza sikuijua. Kadi yake ilikuwa ya zamani, imepigwa taipu: "Kibuyu cha matambiko. Mmiliki hajulikani."

Ya pili ilikuwa yetu. Kadi yake iliandikwa kwa penseli, herufi zimelala upande kama migomba iliyopigwa na upepo. Ule mwandiko naujua.

"Hicho cha jirani si cha matambiko. Ni kata ya mbege, kama hii yangu. Hii aliipasua Hosea. Mwenyewe yupo. Aikaeli."

Mwenyewe yupo.

Nilisoma mara tatu. Dada wa mapokezi akaja. Anaitwa Flavia.

"Shikamoo kaka. Unaijua hiyo?"

"Marahaba. Aliyeipasua ndiye mimi."

Akaweka mkono mdomoni.

Akanieleza. Zamani pale mtaalamu alikuwa anaandika anachodhani, basi, na vitu vikishaingia havitoki. Siku hizi wamebadili mwendo. Wanazunguka sharikani na parokiani, wanaita wazee waje kuvitazama vitu na kusahihisha kadi. Mama alikuja na wamama wa kanisani.

"Alipoisoma hiyo kadi ya matambiko alicheka mpaka akaketi chini. Wiki iliyofuata akarudi na yake, eti ushahidi. Hakutupatia moja kwa moja, alituazima. Mwenye kitu anaweka masharti, sisi tunafuata. Pia tulimrekodi. Nikuwekee?"

Akabonyeza.

Ndipo mama akacheka.

"Matambiko! Mtu anakunywa mbege yake kwa amani, mnamfanya mganga!"

Sauti ya Flavia ikauliza, "Mama, nyumbani wanajua umeileta?"

"Nimemwambia Hosea. Alikuwa anaangalia mpira kwenye simu. Akasema, 'Sawa mama.' Huyo hajasikia kitu. Siku nikifa ataitafuta, na atamsingizia mdogo wake. Namjua, nimemzaa mimi. Kwa hiyo andika hapo, asipewe mmoja. Waje wote wawili, waweke sahihi, na wakishainywea wairudishe."

Akacheka tena. Ikaisha.

Nilijaribu kuikumbuka siku ile. Mpira naukumbuka. Aliyefunga namkumbuka, dakika naikumbuka. Mama hayumo.

Sikulia. Nilimwomba Flavia anirudishie sehemu ya "Sawa mama." Akarudia. Nikaomba tena.

Kwetu ukimkosea mtu kosa ambalo mdomo hauliwezi, unamkatia jani la sale. Akishaletewa sale, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Nilipanda nyumbani, nikakata moja pale pale pembeni ya kaburi. Asubuhi nikateremka Majengo nimelishika mkononi. Watu wananiangalia.

Elinipendo alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Akazitema.

"Umekuja kupekua?"

Nikaliweka jani juu ya kitambaa chake.

Alilitazama muda mrefu. "Unatembea na sale mjini kweupe hivi? Wapangaji watasema tunaroga."

"Ilikuwa makumbusho. Mama aliniambia. Sikumsikiliza."

"Hukumsikiliza." Akaokota pini moja. "Shangazi zetu waliokusikia ukiniita mwizi, nao utawaita wasikie hilo?"

"Nitawaita."

"Wote?"

"Wote."

Akalichukua jani, akaliweka kwenye droo ya mikasi.

Tukaenda, tukaweka sahihi. Jumamosi tukajengea kaburi, nikasema nilichoahidi mbele ya wote, tukanywa mbege kwa ile kata, yeye kwanza, mimi baadaye. Mshono ule huvuja kidogo. Ilinidondokea shatini, nikaacha ikauke.

Jumatatu tukairudisha, kama mama alivyoagiza. Flavia akatupatia penseli, akauliza kwa upole kama tunataka kubadili pale palipoandikwa "Mwenyewe yupo."

Nikamtazama Elinipendo.

"Acha hivyo hivyo," akasema.

Wewe unayesoma haya kwenye simu yako, kama kuna mzazi anaongea hapo ulipo, usimjibu "sawa" kwanza. Muulize amesema nini. Mimi nina sauti ya mama, naweza kwenda makumbusho kuisikiliza siku yoyote saa za kazi. Lakini siku aliyoniambia mwenyewe, nilikuwepo, na sikuisikia.