Jezi za Kafaulaya

Jezi namba nne ninayo mpaka leo. Nimeikunja chini ya vitenge, kwenye sanduku ambalo wajukuu wamekatazwa kulifungua, na siitoi ila siku ambazo upepo wa Singida unaanza asubuhi na kubamiza mabati kutwa nzima. Siku hizo sipendi kusemeshwa. Walionizoea wananiachia chai mezani na kwenda zao.

Jezi hiyo ilikuja wakati maduka yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sukari tulishangaa kuona sabuni za kila rangi zimepangwa madukani, na nguo za mitumba, ambazo zamani zilivaliwa kwa kificho, zikimwagwa juu ya turubai karibu na stendi, watu wakizigombania mchana kweupe. Wakati huohuo mashirika ya umma yalikuwa yanapunguza watu. Basi la kutoka Dar halikukosa kushusha mtu mzima mwenye godoro na redio, anarudi kwa wazazi wake huku anajifanya amekuja likizo. Kocha wetu alishuka hivyo.

Alikuwa mwanamke wa mjini kwetu, aliyeondoka bado msichana na kuajiriwa kwenye kiwanda cha nguo huko pwani kwa sababu alijua mpira wa kikapu. Enzi hizo viwanda vilikuwa na timu, na mchezaji mzuri alipewa kazi. Kiwanda kilipofungwa, timu nayo ikaisha. Akaja shuleni kwetu na kumwambia mkuu wa shule kwamba anataka kufundisha wasichana. Mkuu hakumficha kitu. Mnunuzi mmoja wa alizeti alikuwa ameuomba uwanja wetu wa saruji aweke magunia yake, na tukifungwa tena na shule ya Manyoni kama ilivyokuwa kila mwaka, atapewa.

Timu yenyewe ilikuwa kichekesho. Mimi niliingizwa kwa urefu wangu tu, na watoto wa mjini walikuwa wakiniuliza hali ya hewa ya huko juu ikoje. Tulikuwa tunasimama na kupiga kelele "lete, lete!" kama tunaosubiri chakula. Aliyejua kucheza alikuwa mmoja, nahodha, binti wa kijiji cha Issuna aliyelelewa na bibi yake, muuza vitunguu sokoni. Tulikaa dawati moja. Aliposikia kwamba kocha alipata kazi kwa ajili ya mpira, hakusikia tena jambo jingine.

"Na mimi nitapata," aliniambia. "Tukiifunga Manyoni nitachaguliwa timu ya mkoa. Watu wa mashirika wataniona huko. Bibi atapumzika."

Alimwambia kocha hivyohivyo. Kocha alitazama pembeni, akauinua mpira na kuupangusa vumbi. "Cheza kwanza, mdogo wangu," akasema.

Na kweli alitufundisha kucheza. Alikataza neno "lete". Mpira hauletwi, alisema, mpira unafuatwa. Alituambia kwamba kwetu upepo ni mchezaji wa sita, na sisi wapumbavu tumemwacha awachezee wageni. Kabla ya kurusha, tazama kwanza vumbi linaelekea wapi. Tulianza kurusha chini chini, tukigonga ubao, na mpira ukaanza kuingia. Nilikuwa na hasira nyingi utotoni, na kwa mara ya kwanza nilipata mahali pa kuzipeleka.

Kilichobaki kilikuwa sare. Waandaaji wa mashindano walisema timu isiyo na jezi haitaingia uwanjani. Ndipo siku moja baada ya vipindi kocha akaja na gunia begani, anacheka peke yake, akalimwaga juu ya saruji.

"Haya wasichana! Kafaulaya daraja la kwanza!"

Zilikuwa jezi nyekundu, zimepauka kidogo, za timu nzima, kuanzia nne hadi kumi na tano. Ila saba haikuwepo. Kifuani palikuwa na neno la lugha ambayo hata mwalimu wa Kiingereza hakuitambua. Tungeruka kwa furaha, lakini hakuna aliyesogea.

Huko Dar alikotoka, kafaulaya lilikuwa neno la utani, jina la mtumba basi. Kwetu lilikuwa linasema kile linachosema. Mtu kafa Ulaya, nguo zake zimefungwa belo, zimeletwa. Shati moja ungeweza kujidanganya. Lakini timu nzima kwa mara moja? Msichana mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba hao lazima walikufa pamoja, gari lao lilipinduka wakienda mechi. Mwingine akauliza namba saba yuko wapi. Tukazihesabu upya kwa macho. Namba saba ndiye aliyepona, tukakubaliana. Huyo ndiye atakayekuja kuulizia nguo za wenzake.

"Nani amekufa?" kocha akaja juu. "Hawajafa hao! Wamekua tu! Mtoto akikua, nguo inambana, mama yake anaitoa. Mmesoma mpaka sekondari kwa kazi gani?"

Tulimsikiliza kwa heshima na hatukuzigusa. Baadaye tulizibeba kwa ncha ya mti kwenda kuzifua, tukazifua mara mbili kwa sabuni ya mche, na bado zilibaki na harufu ya sabuni nyingine, ya maua tusiyoyajua. Namba nne ilikuwa imechanika kwapani, ikashonwa kwa uzi wa rangi nyingine, mshono mdogomdogo wa mtu mwenye subira. Nahodha aliushika mshono ule muda mrefu.

"Mama yake ndiye aliyeshona," akasema. Kisha akaanza kulia, kwa sababu mechi ilikuwa imekaribia na yeye mwenyewe alikuwa anaogopa kuivaa.

Aliyetutoa pale ni bibi yake. Kocha alimfuata sokoni akidhani atapata mtu wa kutukemea, akapiga magoti kidogo na kumwamkia. Bibi aliitikia marahaba, akasikiliza mpaka mwisho huku anamenya vitunguu maganda ya juu, kisha akaguna.

"Watoto wana haki, binti. Nguo ya marehemu haiokotwi. Inagawiwa siku ya kuondoa matanga, na anayepewa ni ndugu. Ukivaa ya mtu asiye wako, atakuja kuidai."

"Lakini Bibi, hawa hawajafa."

"Umewaona?"

Kocha hakuwa amewaona. Basi Jumamosi tukaondoa matanga ya wasichana wa Ulaya, uani kwa Bibi, sisi tumekaa chini kwenye mikeka, jezi zimeanikwa juani kwenye ua wa miti. Waislamu na Wakristo tulikaa pamoja bila kujua tuombe dua ipi, kwa maana hatukujua wenzetu wale walikuwa dini gani. Mmoja alianza kucheka na mimi nikamfinya.

Bibi alitutazama wote. "Mfiwa nani hapa? Matanga hayakosi mfiwa."

Tukaanza kutazamana. Nikajua jambo limeharibika, tutarudi nyumbani bila jezi. Ndipo kocha, ambaye alikuwa amekaa nyuma na uso wa mtu anayewavumilia watoto, akainua mkono.

"Mimi, Bibi."

"Umefiwa na nani?"

"Na timu yangu." Akasogea mbele, kwenye mkeka wetu. "Tulikuwa wasichana kumi na wawili. Tulikula pamoja, tulilala chumba kimoja. Siku moja tulikuta geti limefungwa kwa mnyororo. Hatukuagana. Sijui hata mmoja yuko wapi."

Alilia kilio cha msibani, cha sauti, mbele yetu sisi wanafunzi wake. Bibi hakumnyamazisha. Alimwambia "pole, mwanangu", na sisi tukasema pole mmoja baada ya mwingine. Halafu Bibi akasimama, akaanza kuzitoa jezi uani na kugawa, kila moja akiuliza, "Nani ndugu yake?" Ukiitikia, umempata ndugu. Namba nne aliitikia nahodha. Mimi niliitikia kumi na moja.

Manyoni tulishinda kwa kikapu kimoja. Wasichana wa kule, mji wa reli, walikuwa wakubwa kuliko sisi na walitupiga viwiko, lakini vumbi lilituambia ukweli kila mara. Mara mbili nilipasia mahali ambapo sikuona mtu, na mara zote mbili nahodha akawa pale. Kwenye lori la kurudi, baada ya Ikungi, nilimwambia kwamba nilidhani nampasia namba saba. Hakucheka. Alisema hata yeye alimsikia akikimbia pembeni yake.

Uwanja ulibaki wetu. Nahodha alichaguliwa timu ya mkoa, akaonekana, akasifiwa, lakini hapakuwa tena na shirika la kumwajiri mtu kwa mpira. Alikwenda Dar hata hivyo. Alipata kibanda na kuuza mitumba, na aliniandikia kwa utani kwamba anauza ndugu zetu. Baada ya miaka michache akarudi kwa bibi yake amekonda, anakohoa, na ugonjwa ambao wakati ule watu waliutaja kwa kuinua nyusi tu. Niliwachukia watu wale kwa nyusi zao, na sijawasamehe. Alikufa kiangazi, vitunguu vikiwa vinang'olewa.

Tuliondoa matanga Issuna. Kocha alikuja, mvi zimeanza kumtoka, akakaa mkekani kando yangu. Bibi alikuwa hai bado. Aligawa khanga, akagawa sweta, na mwisho akaitoa jezi nyekundu, imepauka mpaka imekuwa ya waridi. Alikuwa ameitunza miaka yote. Akaishika mbele ya watu na kuuliza kwa sauti ileile, "Nani ndugu yake?"

Kabla sijaitikia, kocha alinishika mkono akauinua yeye.

Siku hizi vijana wanasema mtumba, na ukiwatajia kafaulaya wanakucheka. Kocha alikuwa na haki siku ile. Wale hawakufa, walikua tu. Namba nne wa kwanza atakuwa yuko huko kwao, bibi kama mimi, magoti yanamuuma. Aliyekufa ni wa Issuna. Upepo ukivuma naitoa jezi, naushika ule mshono wa kwapani, na kumwambia yule wa Ulaya pole. Amefiwa na ndugu yake, na hajui.