Jinzi Isiyonaswa na Mnyororo

Saa tisa alasiri, mabati ya soko la mitumba yanawaka kwa jua, na mwanamke wa miaka arobaini na saba anachuchumaa katikati ya njia akiwa amevaa jinzi ambayo bado si yake. Ameipandisha chini ya sketi. Anachuchumaa, anainuka, anachuchumaa tena, kisha anainua goti mpaka karibu na kifua na kulishusha taratibu, huku akisikiliza kama kuna uzi unaolalamika.

“Mama, unanunua suruali au unafanya mazoezi?” anauliza muuzaji. Wenzake wa meza za jirani wanaangua kicheko.

Yeye hacheki. Anavuta stuli ya muuzaji, anaikalia kwa kutanua miguu kama aliyepanda baiskeli, anajisogeza mbele na nyuma, halafu anakunja uso.

“Mshono wa katikati mnene huu. Utafika kazini umeshachubuka. Nipe nyingine.”

Kazini wanamwita Mama Pasi. Ni mfanyakazi wa kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli, na kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kulisha mashuka mabichi kwenye rola kubwa la moto na kuyakunja yakitoka upande wa pili. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki tena. Rola liliwahi kuvivuta.

Jinzi anayoijaribu si ya kwake. Ni ya binti wa marehemu mdogo wake, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye Jumatatu ataanza kazi kiwanda hicho hicho. Viuno vyao havipishani, na binti amekataa katakata kuchuchumaa mbele za watu.

Binti amesimama kando, amejiwekea kiunoni suruali nyingine aliyoichagua mwenyewe. Ni jinzi ya bluu iliyopauka, imebana mapajani na kufunguka chini kama kengele. Anaigeuza huku na huku, anatabasamu peke yake.

Zamani wafanyakazi walipelekwa kazini na basi la kampuni. Mwenye kiwanda alipoliuza, nauli ikawa inameza karibu nusu ya mshahara. Wengi waliacha kazi. Waliobaki walitafuta baiskeli chakavu, na Mama Pasi ni mmoja wao.

“Kwanza nilipanda na gauni,” anamwambia mwandishi wa habari hii. “Likaingia kwenye tairi, nikaanguka mbele ya kituo cha mafuta, watu wote wananiangalia. Nikasema basi, kuanzia leo mimi na suruali.”

Kiwandani hakuna chumba cha kubadilishia nguo. Jinzi anayoondoka nayo nyumbani ndiyo anayoshinda nayo mbele ya mvuke, aproni juu, na ndiyo anayorudi nayo.

“Sina kabati la kuchagulia,” anaeleza. “Suruali moja inipeleke, inirudishe, na Jumapili nikienda kumwona mgonjwa isinitie aibu.”

Kwa hiyo anachagua kama mtu anayechagua mchumba. Kitambaa kikiwa kizito sana, mvua ikinyesha kinakuwa kama umebeba ndoo mapajani, na hakikauki mpaka kesho yake. Kikiwa chepesi, kiti cha baiskeli kinakila kabla ya mwaka kwisha. Kiuno cha nyuma kipande juu, ili ukiinama kwenye usukani mgongo usibaki nje. Rangi iwe ya giza, grisi isijitangaze. Kitambaa kivutike kidogo gotini.

“Na huku chini,” anasema, akishika pindo kwa vidole vile viwili visivyokunjika, “pabane. Hapa sina mjadala.”

Mjadala, hata hivyo, umeshafika.

“Mama mkubwa, mimi nachukua hii,” binti anasema, akiinua ile ya kengele.

“Iweke chini.”

“Hiyo yako ni kama ya dereva wa trekta! Hii naivaa kazini, naivaa na kwa watu. Si ndiyo ulivyosema, suruali moja kwa kila kitu? Nikipanda baiskeli nitaikunja, nitaifunga na mpira.”

“Nimesema iweke.”

“Kwani kuna nini? Kila nikichagua kitu, wewe...”

“Mama yako alivaa kama hiyo.”

Sauti yake imepanda kuliko alivyokusudia. Binti anaishusha ile suruali, lakini haiachii.

Alikuwa na miaka kumi na minne mama yake alipofariki. Aliambiwa ni lori, na hakuna aliyemwongezea neno. Sasa, kati ya marundo ya nguo za watu wasiowajua, mama yake mkubwa anamweleza yaliyobaki.

Wale ndugu wawili walikuwa wakienda kazini pamoja kila alfajiri, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Siku hiyo kulikuwa na manyunyu. Barabara inateremka kuelekea darajani, na hapo hakuna pembeni. Ni lami halafu ukuta wa daraja. Pindo la suruali ya mdogo likaingia kwenye mnyororo. Pedeli ikagoma. Akainama kulivuta, baiskeli ikiwa bado inateremka.

“Lori lilikuwa nyuma yake,” anasema Mama Pasi. “Dereva alipiga honi, akapiga breki. Barabara ilikuwa na maji.”

Binti anauliza kwa sauti ndogo, “Alisema kitu?”

“Aliniita. ‘Dada, suruali!’ Nikageuka. Basi.”

“Basi?”

“Basi, mwanangu.”

Muuzaji aliyekuwa anatania anakunja nguo ambazo tayari zimekunjwa.

“Miaka yote hii,” binti anasema. “Kwa nini hukuniambia?”

“Ulikuwa mtoto. Halafu ukakua, na mimi nikawa bado sijapata mdomo wa kusemea.”

Binti anatupa suruali juu ya rundo na kuondoka. Anazunguka nyuma ya kibanda cha viatu, na kwa muda mrefu kinachoonekana ni kisigino chake tu. Mama Pasi hamfuati. Anakaa kwenye stuli ya muuzaji, mikono magotini, jinzi ya mtu mwingine mwilini.

Wakati akisubiri, anamsimulia mwandishi jambo ambalo anasema hajawahi kumwambia binti, na hajui kama atamwambia. Kampuni haikulipa fidia. Ilisema marehemu alikuwa hajaingia getini, kwa hiyo alikuwa bado hajawa kazini. Badala yake ilituma mashuka mawili ya kumfunikia.

“Nilipolifungua la kwanza nikauona mkunjo wangu,” anasema. “Kila mkunjaji ana mkono wake. Lile shuka nililipiga pasi mimi, jana yake.”

Anafuta uso kwa mgongo wa kiganja. Je, aliwahi kuomba kazi nyingine? Anacheka bila furaha. “Na vidole hivi? Nani ananichukua? Msimamizi ameshaanza kuniambia nimekuwa mzito. Siku yoyote wataniambia pumzika. Ndiyo maana mtoto anaingia. Amemaliza shule, ametafuta kazi mpaka soli zimekwisha. Ningekuwa na njia nyingine, ningempeleka kule?”

Binti anarudi. Macho ni mekundu, uso ameuosha kwa maji ya chupa. Hamtazami mama yake mkubwa. Anatazama rundo.

“Ipi?” anauliza. “Nionyeshe ipi.”

Wanachagua pamoja, bila maneno mengi. Iliyopatikana ni ya bluu iliyokolea, imechakaa kidogo mfukoni, mshono wa katikati umelala, chini imebana. Safari hii binti anachuchumaa mwenyewe mbele za watu, na hakuna anayecheka. Muuzaji anapunguza bei bila kuombwa.

Jumatatu kunapambazuka na mvua.

Mwandishi anawafuata kwa baiskeli ya kuazima. Binti yuko mbele, mama mkubwa nyuma, amemwachia nafasi ya kutosha ili amwone mzima, kuanzia kichwa mpaka tairi. Kila mara anamwita: “Shika kulia! Tulia! Usiangalie nyuma!” Kwenye mteremko wa darajani wote wawili wanashuka na kusukuma baiskeli. Lori linapita kwa honi ndefu na kuwamwagia maji machafu mpaka kiunoni. Binti anasimama, ameshika ukuta wa daraja. Mama Pasi anamsubiri. Wanapoendelea, ni binti anayeanza kusukuma.

Kiwandani wanaingia wakiwa wameloa. Jinzi zitakaukia miilini, mbele ya mvuke, na kufikia mchana mapaja yatakuwa yanawasha.

Binti anapangiwa meza ya kuchambua mashuka machafu ya hospitali. Ni kazi ya kutenga yenye damu na yasiyo na damu, na kuangalia kama kuna sindano iliyosahauliwa humo. Msimamizi, mwanamume mnene mwenye kikohozi, anamgusa bega kwa nia njema.

“Meza ya mama yako hiyo,” anamwambia. “Alikuwa mchapakazi kweli.”

Kabla ya chakula cha mchana binti anatoka nje mbio na kutapika kwenye mfereji. Anasukutua mdomo, anafunga tena aproni, anarudi. Kwenye rola, Mama Pasi anaona kila kitu na haachi kulisha mashine, kwa sababu mashine haisubiri.

Jioni, kabla ya kushika njia ya nyumbani, Mama Pasi anakatiza uchochoro ulio mkabala na geti la kiwanda. Nyuma ya duka la vipuri kuna chumba kimoja kisicho na dirisha. Mwenye nyumba amekubali kumpangishia kitakapokuwa wazi. Kutoka mlangoni pake mtu anafika kazini kwa miguu, kabla kikombe cha chai hakijapoa.

“Nikikipata hiki, mtoto haioni tena ile barabara,” anasema. “Hata mimi wakinifukuza, yeye yuko hapa. Anavuka uchochoro, anaingia.”

Ila chumba kina mtu. Ni mlinzi mzee, aliyestaafishwa na mapafu yake. Mwenye nyumba amesema waziwazi hatamtoa, na kwamba mzee mwenyewe hana siku nyingi za kuishi. Wanawe wako mbali. Mmoja aliahidi kuja kumchukua, na hajaja.

Mama Pasi anabisha hodi na kuingia. Mzee amelala ubavu, ameuelekea ukuta.

“Umekuja kuangalia kama nimeshakufa?” anauliza, na kucheka mpaka kikohozi kinamkaba.

“Nimekuja kuchukua shuka, baba. Inuka kidogo.”

Anamwinua kwa mkono mmoja, anavuta shuka lililolowa jasho, anatandika lingine alilokuja nalo. Binti amesimama mlangoni na baiskeli mbili. Baadaye anaziegemeza ukutani, anaingia, na kushika upande wa pili wa shuka ili likae sawa.

Nje, Mama Pasi anaulizwa anaomba nini. Anafikiri.

“Siwezi kumwombea mtu mabaya ili mimi nipate mlango,” anasema. “Naomba mwanawe aje. Aje kabla ya masika, amchukue baba yake akiwa anapumua. Hapo ndipo nitahamia na roho nyeupe.”

Anafunga lile shuka chafu nyuma ya baiskeli. Kesho atalipitisha kwenye mashine ya kufulia, chini ya mashuka ya hoteli, msimamizi akiwa kwenye chai.